Kila onyesho liache jambo limebadilika

Mhariri,

Hadithi nyingi za mfululizo magazetini huharibika mahali pamoja: matukio yamepangwa foleni, hakuna linalolizaa jingine. Zuhura aliamka, akaenda kazini, kisha akakutana na rafiki yake, kisha jioni akapigiwa simu. Msomaji akifika aya ya nne hana sababu ya kuitafuta ya tano. Matukio yapo, msuko haupo.

Kuna kipimo ambacho waandishi wangeweza kukitumia kabla ya kuwaletea miswada. Kila onyesho, yaani kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja na wakati mmoja, liandikwe kwa sentensi moja kwenye karatasi yake, kisha karatasi zipangwe mezani. Kati ya mbili zinazofuatana tia neno. Likikaa "kwa hiyo" au "lakini", maonyesho hayo yameshikana. Likikaa "kisha" peke yake, ama kuna kiungo kimekosekana, ama moja kati ya hayo mawili halihitajiki. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: sehemu ambayo kuwapo au kutokuwapo kwake hakuleti tofauti yoyote, si sehemu ya kazi hiyo. Basi chomoa karatasi moja. Zilizobaki zisipoyumba, usiirudishe, hata kama ndimo ilimo sentensi yako nzuri kuliko zote.

Onyesho lenyewe hujengwa juu ya haja. Mhusika aingie akitaka kitu ambacho msomaji ataona kimepatikana au kimekosekana: saini, ufunguo, jibu. Tuseme Zuhura anataka kuuza nyumba aliyorithi pamoja na kaka yake, na bila saini ya kaka huyo haiuziki. Anakwenda kuiomba. Kaka akikubali papo hapo, hadithi imekwisha. Akikataa tu, Zuhura amerudi alikotoka na mwandishi itambidi aanze upya. Lenye nguvu ni jibu la aina ya tatu: "Nitatia saini, lakini mama asijue." Amepata alichokifuata, ila ameondoka na siri asiyoiomba, na onyesho linalofuata tayari lina kazi. Kukataliwa nako kunaweza kuisukuma hadithi mbele, mradi kufunge njia: kaka anakataa, na hati ya nyumba iliyokuwa kabatini haipo tena. Sasa hawezi kurudia ombi lilelile. Lazima atafute mbinu nyingine, pengine mbaya zaidi.

Kwa hadithi fupi ya maneno 3,000, maonyesho matatu hadi matano yanatosha. Yakifika kumi, kila moja limebaki na maneno 300, na mgogoro haupati nafasi ya kupanda. Salamu na safari zipewe sentensi moja ya muhtasari au zikatwe kabisa. Jambo likishabadilika, toka. Aya ya mhusika akitembea huku akitafakari kile ambacho msomaji amekishuhudia punde tu hulizima onyesho lililofanikiwa.

Sadfa inaruhusiwa kumwingiza mhusika matatani, si kumtoa. Mjomba tajiri anayezuka sura ya mwisho na kulipa madeni yote anafuta kila jitihada iliyotangulia. Kama anahitajika, arudishwe onyesho la pili, apewe kazi nyingine huko, ili akitokea tena msomaji awe anamjua.

Kinachoniuma zaidi ni taharuki ya uongo. Toleo linaishia mlango unapogongwa kwa nguvu. Wiki inayofuata aliyegonga ni jirani, amekuja kuazima ngazi. Msomaji akidanganywa hivyo mara mbili, hasubiri ya tatu. Taharuki ya kweli huja baada ya uamuzi: Zuhura ameighushi saini ya kaka yake na kuikabidhi kwa mnunuzi. Hapo tunajua alichofanya, na tunasubiri kuona kitamgharimu nini.

Nanyi wahariri mna sehemu yenu. Safu ya maneno 800 hubeba onyesho moja, mara chache mawili. Hadithi inapokatwa pale nafasi ilipoishia, katikati ya mazungumzo, hata msuko mzuri huonekana umelegea. Mwambieni mwandishi alete kila toleo likiwa na onyesho kamili. Likizidi, apunguze mwanzo wake. Mwisho msiuguse, maana ndimo ilimo sababu ya kulisubiri toleo lijalo.

Mhariri wa miswada ya hadithi