Visima vyetu vinaweza kuokolewa kwa maji yaliyosafishwa, ila vipimo viwe wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie visima vya mwambao wa Dar es Salaam vinavyogeuka chumvi, pamoja na dawa ambayo nchi nyingine zimeitumia kwa miaka mingi, yaani kuyasafisha majitaka mpaka yafikie kiwango cha maji ya kunywa, kisha kuyarudisha ardhini yajaze akiba iliyopungua.

Kisima cha nyumbani kwetu Mbezi Beach kilichimbwa mwaka 1998, baada ya shida kubwa ya maji ya mwaka uliotangulia. Maji yake yalikuwa baridi, yaani hayakuwa na chumvi, tukiyachemsha na kuyanywa. Leo sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya chumvi, na hayatufai ila kwa kudekia na kumwaga chooni. Majirani wenye visima wanasema hivyo hivyo, na wale waliochimba kwenda chini zaidi wakitafuta maji baridi ndio waliokutana na chumvi mapema.

Jambo hilo lina sababu. Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila mita moja ya maji baridi iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Hivyo mamia ya visima yakishusha maji hayo ya juu kwa nusu mita tu, hatimaye mpaka wa chumvi huweza kupanda kwa mita 20 hivi. Zamani mvua ilirudisha kilichotekwa, lakini sasa viwanja vimefunikwa kwa zege na lami, na maji ya masika hukimbilia mitaroni na kuishia baharini.

Watu wa Orange County, huko California nchini Marekani, walifikwa na tatizo hili kabla yetu. Mwaka 1976 walianza kuingiza maji yaliyosafishwa ardhini kupitia safu ya visima karibu na pwani, ili yawe ukuta wa maji baridi unaoisukuma bahari irudi nyuma. Mtambo mkubwa zaidi ulianza kazi mwaka 2008, na baada ya kupanuliwa mwaka 2015 na 2023 una uwezo wa kuzalisha takriban lita milioni 490 kwa siku. Majitaka yaliyokwisha kusafishwa kwa njia ya kawaida huchujwa kwanza katika nyuzi zenye matundu madogo mno yanayozuia bakteria. Kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia utando unaozuia chumvi, virusi na mabaki ya dawa. Halafu humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno yakiwa yametiwa haidrojeni peroksaidi. Mwishoni hutiwa chokaa, maana maji yaliyotakaswa kiasi hicho yana njaa ya madini na yangeanza kuyamumunya kutoka katika mabomba na miamba. Sehemu yake huingizwa kwenye visima vya pwani, na nyingine hupelekwa kwenye mabwawa ya Anaheim, ambako hunywea taratibu katika mchanga na kuchanganyika na maji ya chini kabla ya kuvutwa tena kwa matumizi ya watu.

Kinachonivutia zaidi si ukubwa wa mtambo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliokuwa wakiusimamia mradi wa zamani waligundua kemikali iitwayo NDMA, inayoshukiwa kusababisha saratani, ambayo chembe zake ni ndogo kiasi cha kupenya hata ule utando. Walioitafuta na kuipata ni wapimaji wao wenyewe. Visima vilivyoguswa viliacha kutumika, na mionzi mikali ikawa sehemu ya usafishaji. Bila maabara yenye bidii, hatari hiyo isingeonekana kwa macho wala kwa kuonja.

Najua wasomaji wengi watauliza kuhusu najisi, na swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa heshima. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba maji yaliyonajisika, yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi zikaondoka kabisa, hurudi kuwa twahara na yanafaa hata kwa kutawadha, mradi tu yasiwe na madhara kwa afya. Sharti hilo la mwisho linaturudisha kwenye vipimo.

Hapo ndipo ninapohofia njia za mkato. Mabwawa ya majitaka kama yale ya Vingunguti hupunguza vijidudu na uchafu, lakini hayakujengwa kuondoa kemikali za viwandani, naitreti wala mabaki ya dawa. Kuyachukua maji ya aina hiyo na kuyaingiza moja kwa moja katika ardhi tunayochota maji ya kunywa kungekuwa kuyaharibu maji ambayo hayasafishiki kwa urahisi, kwa sababu uchafu ukishaingia katika mwamba wa maji unaweza kukaa humo kwa miongo.

Mji wa Atlantis, kaskazini ya Cape Town, umekuwa ukirudisha ardhini maji ya mvua na majitaka yaliyosafishwa tangu mwaka 1979, na nadhani una mengi ya kutufundisha kuliko California kwa kuwa haukuanza na mitambo ya gharama kubwa. Huko majitaka ya majumbani hutengwa na ya viwandani. Ya majumbani, pamoja na mvua safi, hujaza eneo la visima vya mji. Ya viwandani, yenye chumvi zaidi, hupelekwa karibu na bahari, ambako husaidia kuizuia isiingie ndani. Sisi bado tuna magari ya kunyonya makaro ambayo leo hutoka kwenye nyumba na kesho kwenye karakana, na mzigo wote humwagwa mahali pamoja.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Maji, DAWASA (mamlaka ya maji na majitaka ya Dar es Salaam) na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, wakati huu ambapo mtandao wa majitaka unapanuliwa, wayatenge mapema majitaka ya viwandani na ya majumbani, na waanze na jaribio dogo ufukweni, mahali ambapo hakuna anayekunywa maji ya kisima, kwa lengo la kuizuia chumvi tu. Kuzunguka jaribio hilo vichimbwe visima vya kupimia, na matokeo ya kila mwezi yabandikwe katika ofisi za serikali za mitaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, yakiwa mazuri au mabaya. Nipo tayari kisima chetu kiwe miongoni mwa vitakavyopimwa, na naamini majirani zangu wengi watakubali pia.

Msomaji wako,
Mbezi Beach, Dar es Salaam