Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kupuliza na kuandika

Ndugu wanachama, habari zenu. Mambo ya hela mweka hazina atawaeleza, mi naongelea kazi moja tu iliyotula muda mwaka huu, kuwafanya watu wapime pumzi, tujue kama pumu yao inatokana na kazi, WAKIWA BADO KAZINI.

Kuna mwenzetu wa bekari, simtaji. Alianza na mafua na macho kuwasha, baadae kikohozi cha usiku, kifua kinabana. Akapewa inhela akaambiwa una pumu, basi. Hakuna aliyemuuliza unafanya kazi gani, wala ukiwa likizo unapata nafuu? Maswali mawili tu jamani, na kwa watu wazima wenye pumu karibu 1 kati ya 6 kazi ina mkono wake. Akachoka akaacha kazi, ndo akaja kwetu, na hapo kuthibitisha kukawa kugumu maana inabidi ulinganishe siku za kazi na za mapumziko. Iliniuma sana.

Ndo maana tukanunua zile pikifloo, vifaa vya kupuliza vinavyopima nguvu ya pumzi, za kuazimana, kila mtu na mdomo wake wa kupulizia. Unapuliza mara 3 unaandika namba kubwa, angalau mara 4 kwa siku, kama wiki 4 hivi, siku za kazi na za ofu, na pembeni unaandika shifti na ulichoshika siku hiyo. Dawa usiache. Daftari mpelekee daktari.

Wengi wananiambia "mbona nimepuliza rangi za magari miaka yote hiyo sijaumwa". Aleji ya kazini ndo ilivyo, inaweza kujijenga miezi au miaka kabla haijajitokeza, iwe ni unga, vumbi la mbao au kemikali za rangi. Ikishashika hata kiasi kidogo kinakubana, barakoa peke yake haikutoshi, inabidi utolewe kabisa kwenye hicho kitu na mapema, ukichelewa pumu inaweza kubaki hata ukihama. Ila mwenye pumu ya zamani inayochokozwa tu na vumbi au moshi, mara nyingi anaweza kubaki kazini vumbi likipunguzwa na dawa zikikaa sawa, kwa hiyo tusiwaambie wote wahame, tutawamaliza watu kiuchumi bure.

Mwaka ujao nataka tukakae na waajiri tuongelee vifaa vya kufyonza vumbi pale pale linapotokea, barakoa tumeongea vya kutosha.

Mliomaliza wiki zenu rudisheni pikifloo kwa katibu, kuna watu wanasubiri.