Salma, nisikilizie Ligeti

Mwanza, Jumapili jioni

Salma wangu,

Huku sote wazima, mama anakusalimu na bado anadai kanga yake. Nimekaa kimya mno, najua, tutagombana ukija. Leo nina shida, na shida yenyewe inakuhusu wewe na amadinda, ile marimba yenu ya vibao ya Uganda.

Kuna utunzi wa piano na okestra umeniteka. Ni wa György Ligeti, Mhungaria aliyezaliwa Transylvania mwaka 1923. Sehemu tatu za kwanza zilipigwa Graz, Austria, mwaka 1986. Baada ya kuzisikia jukwaani akaona kazi haijatimia, akaongeza mbili, zikapigwa zote tano Vienna mwaka 1988.

Sasa sikia. Mwaka 1982 mwanafunzi wake, Roberto Sierra wa Puerto Rico, alimsikilizisha Ligeti rekodi za mtafiti wa muziki Simha Arom, za Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wapiga pembe wengi, kila pembe nota moja tu, kila mtu anaingia pale mwenzake alipoacha nafasi. Akasoma pia utafiti wa Gerhard Kubik juu ya muziki wa Uganda, na hapo nikakukumbuka. Si wewe uliyenieleza? Kwenye amadinda wapigaji wawili wanapishana kama michi miwili kwenye kinu kimoja, wa tatu anazidaka nota za vibao viwili vya chini na kuzirudia kwenye viwili vya juu, mpaka sikio linasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga.

Basi sehemu ya kwanza ndivyo ilivyo! Wapigaji wengine wanahesabu mapigo ya 12/8, wengine 4/4, kwa wakati mmoja, na piano katikati haipumziki. Ukihesabu unapotea. Ukiacha kuhesabu, zinaanza kujitokeza sauti ambazo hazimo mkononi mwa mpigaji yeyote.

Hamadi anasema ni wizi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nasema hakuchukua wimbo wa mtu, alijifunza namna ya kufuma, na alitaja alikojifunza. Hata dibaji ya kitabu cha Arom aliandika. Hamadi akauliza, na wapiga pembe walipata nini? Hapo nilinyamaza, maana ni swali la haki.

Lakini sehemu ya pili, Salma… Filimbi ndogo inalazimishwa chini kabisa, fagoti, ile zumari ndefu ya sauti nzito, inapandishwa hadi inalia kama si yenyewe. Ligeti alipoteza baba yake na mdogo wake kwenye kambi za Wanazi. Sidai kwamba ndicho alichokiandika hapo, ila siwezi kuisikiliza bila kuwawazia. Usiisikilize ukiwa peke yako usiku.

Nirudi kwenye shida yangu. Nataka vijana wa kwaya wajifunze kupishana kabla sijawachezea Ligeti, waingie kwa mlango wa huku kwetu. Nirekodie wimbo mmoja wa amadinda: kila mpigaji peke yake kwanza, kisha wote pamoja, polepole.

Yule mzee wako wa amadinda atakubali kurekodiwa? Nimtumie nini cha shukrani, sukari au kitenge? Ukiisikiliza ile sehemu ya kwanza, unaisikia amadinda kweli, au ni mapenzi yangu tu? Mzee naye atasemaje? Na Krismasi unakuja, au ndiyo kama mwaka jana?

Nijibu upesi, kwaya inakutana Alhamisi.

Wako,
Neema