Barua ya wazi kwa mgawa ruzuku za mabaraza: tuonesheni hesabu

Mheshimiwa,

Asalaam aleikum. Bajeti nyengine imepita, na mabaraza ya miji na wilaya ya Pemba yameambiwa yatapata kiasi gani bila ya kuambiwa kwa nini. Fomula ya kugawa ruzuku, tunajibiwa, inatayarishwa. Inshaallah, wajukuu wataiona.

Kwenye meza ya Muungano hatuoni haya kuhoji ile asilimia 4.5 ya misaada ya kibajeti inayopewa Zanzibar: imepigwaje, na nani? Ibara ya 133 na 134 za Katiba ya Muungano, Akaunti ya Fedha ya Pamoja na Tume yake, tumezihifadhi kama juzuu amma. Vyema. Mbona Micheweni, hapa Pemba, ikiuliza suali lilo hilo inakuwa utovu wa adabu?

Fomula si siri ya dola. Tanzania Bara, mwaka wa fedha 2004/05, iliandika fomula ya ruzuku ya afya waziwazi: asilimia 70 kwa idadi ya watu, 10 umasikini, 10 urefu wa njia za gari, 10 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Iliharibikia kwenye mishahara. Fedha zikafuata watumishi waliopo, na watumishi wamejaa mijini. Wilaya isiyo na wauguzi ikakosa fedha kwa kuwa haina wauguzi. Basi hesabuni nafasi zinazohitajika, si majina yaliyomo.

Wala msigawe kwa vichwa tu. Sensa ya 2022 inaipa Pemba watu 543,441 kati ya 1,889,773 wa Zanzibar nzima, kama 29 katika 100. Lakini mfuko wa saruji wa Kisiwa Panza hushushwa garini, ukapakiwa mashuani, ukashushwa tena, na maji yakiwa yametoka hubebwa kichwani hadi nchi kavu. Kila mkono unalipwa. Bahari imo kwenye hesabu zenu?

Na fedha ya robo ya kwanza ikiingia Mei, zabuni inakula wiki kadhaa, Juni 30 vitabu vinafungwa. Baraza linakimbilia kununua viti na karatasi, kisha linasemwa halina uwezo wa kutumia fedha. Haya!

Nyongeza hatuombi, kwa leo. Tunaomba ukurasa mmoja: fomula, takwimu zilizotumika, kiasi cha kila baraza, tarehe ya kila robo. Ubandikwe ofisi ya kila sheha kabla ya Julai 1. Ukurasa mmoja tu, Mheshimiwa.

Wafuatiliaji wa bajeti za mabaraza,
Pemba