Kwa binamu yangu, kuhusu ile masta ya hisabati

Binamu,

Ule ujumbe wako wa sauti wa dakika nane nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa ndani ya daladala, na abiria wa pembeni alicheka uliposema umechoka kuwaambia watoto wa watu "tafuta x". Swali lako lilikuwa moja: usome masta ya hisabati yenye mwelekeo wa sayansi ya data, au uchukue kozi ya miezi sita, ujifunze Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, uanze kazi? Nakujibu hapa hadharani maana wewe ni wa nne kuniuliza mwaka huu. Jina lako nimeliacha, Shangazi asome bila presha.

Kama unachotaka ni kazi ya haraka, chukua kozi fupi. Sisemi kwa dharau. Kusafisha majedwali, kuchora grafu na kuandaa ripoti ya mauzo ni mambo yanayofunzika kwa miezi sita na yanalipa kodi ya nyumba. Masta ya hisabati haitakufundisha hayo vizuri zaidi. Itakukalisha usiku kucha ukithibitisha jambo ambalo kompyuta inalimaliza kwa mstari mmoja wa programu.

Ila ngoja nikusimulie aibu yangu ya muhula wa kwanza. Tulipewa zoezi la kukadiria uzito wa watoto wadogo. Jedwali lilikuwa na safu ya umri kwa miezi na nyingine ya umri kwa miaka, yaani miezi 30 huku, miaka 2.5 kule. Nikaziingiza zote mbili, nikiamini taarifa zikizidi ndiyo heri. Kompyuta ikaleta majibu bila kunung'unika: mtoto akiongeza mwezi mmoja anaongezeka mamilioni ya kilo, akiongeza mwaka anapungua mamilioni. Cha ajabu, ukijumlisha vyote uzito unatoka wa mtoto wa kawaida kabisa. Mhadhiri akauliza, "Huyu ni mtoto au meli?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikafuta programu, nikaiweka upya, nikailaumu kompyuta mpakato.

Kosa lilikuwa kwenye kitu unachokiandika ubaoni kila mwaka: determinanti, ile namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye matriki (jedwali la namba), ikiwa sifuri, matriki haina kinyume. Swali hilo nililipata kwenye mtihani wa kidato cha nne bila kujua lina kazi gani duniani. Safu mbili zikisema jambo lilelile, determinanti ya hesabu hiyo inakuwa sifuri, na hakuna njia ya kujua kila moja imechangia kiasi gani. Majibu yanayofaa hayana idadi, na kompyuta huokota mojawapo kwa bahati ya tarakimu za mwisho inazozikata. Siku nilipolielewa hilo ndiyo siku niliyoacha kulipa deni la ada kwa kinyongo.

Na mbinu yenyewe niliyotumia kukadiria, ile ya miraba midogo kabisa (unachagua mstari ambao jumla ya miraba ya makosa yake ni ndogo kuliko yote), wala si ya jana. Mwanahisabati Mfaransa Legendre aliichapisha mwaka 1805 akitafuta njia za nyota zenye mkia angani. Mwaka 1809 Gauss, mwanahisabati Mjerumani, naye akatoa yake na kudai alikuwa akiitumia tangu 1795, na Legendre akaumia sana. Wazungu wawili waligombea hesabu za nyota, leo hesabu zilezile zinakadiria bei ya kiwanja Mbezi. Wazo la kupunguza kosa hatua kwa hatua, kama mtu anayeteremka mlima kwa kufuata mteremko, ambalo ndilo linalofunza hii mitandao ya neva inayozungumza na watu kwenye simu, ni la Cauchy, mwanahisabati mwingine Mfaransa, 1847. Hisabati hiyo bado inafanya kazi, lakini maktaba za programu (mafungu ya programu zilizoandikwa tayari) nilizojifunza mimi, nusu yake nimeshazisahau kwa sababu hazitumiki tena.

Kuna na raha yake, ambayo hakuna tangazo la chuo linaloitaja. Chukua yale machungwa ya Muheza aliyotuma Shangazi. Tuseme ganda ni asilimia 5 ya nusu kipenyo. Kwa chungwa la kawaida, lenye mielekeo mitatu (urefu, upana na kimo), ganda linabeba kama asilimia 14 ya chungwa lote. Sasa mgonjwa uliyempima vitu 100, presha, sukari, uzito na kadhalika, kihisabati ni nukta kwenye anga ya mielekeo 100. Chungwa la anga hiyo, kwa ganda lilelile jembamba, zaidi ya asilimia 99 yake ni ganda. Nyama hakuna! Piga mwenyewe 0.95 (nusu kipenyo ukitoa ganda) kwa kipeo cha 100 uone kinachobaki. Ndiyo maana yule "mgonjwa wa wastani" kwa kila kipimo hapatikani, na ndiyo maana mbinu za kumfananisha mtu na jirani yake wa karibu huanza kuyumba vipimo vikiwa vingi. Majirani wote wako mbali. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilitembea kutoka maktaba hadi bwenini nikicheka peke yangu.

Kuhusu mahali pa kusoma, usiangalie jina la shahada, angalia orodha ya masomo. Isipokuwa na uwezekano, aljebra ya mstari na nadharia ya kutafuta thamani bora, hiyo ni kozi fupi iliyovaa joho. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka 2003 na kufungua kituo Kigali 2016, hulipia ada, malazi na chakula, na wahadhiri wageni hufundisha kwa vipindi vya wiki tatu tatu, kwa hiyo ukipitwa umepitwa. Arusha kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Na ruhusa ya masomo iombe kwa maandishi mapema, usije ukapata nafasi ukakosa barua.

Kabla ya fomu yoyote, fanya hivi. Chukua alama za darasa lako, jaribio la Machi na mtihani wa Juni. Tafuta kwa mkono, bila kompyuta, mstari unaokadiria za Juni kutokana na za Machi. Kisha geuza, ukadirie za Machi kutokana na za Juni. Utapata mistari miwili tofauti. Jiulize kwa nini. Ukikuta saa saba za usiku bado unakuna kichwa juu ya swali hilo, nipigie tuandike barua ya maombi. Ukilala saa tatu, nipigie vilevile, kuna kozi fupi nzuri naijua.

Msalimie Shangazi. Mwambie machungwa yamefika, mawili tu ndiyo yaliyooza.

Dada yako