Namba 2147483647 ina kazi, watoto waambiwe

Ndugu mhariri, naomba nafasi kwenye barua za wasomaji. Nasikia sana wazazi, na hata walimu wengine, wakisema namba tasa watoto wanakaririshwa tu ili wafaulu mtihani, basi leo nawapa moja waiangalie vizuri, 2147483647.

Inapatikana hivi, unazidisha mbili 31 zote kwa pamoja halafu unatoa 1. Ukifanya hivyo kwa mbili 3, 5 na 7 unapata 7, 31 na 127, zote tasa, unaanza kuona kama kanuni umeshaipata, kumbe ukifika 11 inatoka 2047 ambayo ni 23 mara 89, imegoma. Kwa hiyo hii ya 31 lazima ithibitishwe. Mwaka 1772 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, yuko Petersburg kule Urusi, macho yameshaharibika karibu kabisa, akathibitisha kwamba ni tasa. Kawaida ungejaribu vigawo mpaka 46340, ila yeye akaonyesha kwamba kigawo chake chochote ambacho ni tasa, ukikigawa kwa 248 lazima kibaki 1 au 63, yaani za kujaribu hazifiki hata 400! Hapo ndo napapenda kuliko pote, kazi imepungua zaidi ya mara mia na bado hajaanza kugawa.

Sasa mnaouliza kazi yake. Mifumo mingi ya zamani ya kompyuta inahesabu muda kwa sekunde kuanzia 1 Januari 1970, na hesabu hiyo inatunzwa kwenye biti 32, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1, moja ni ya alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, kwa hiyo kubwa kuliko zote inayoingia humo ni hiyohiyo 2147483647. Zitajaa Jumanne 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa 12 na dakika 14 asubuhi, na sekunde inayofuata mfumo ambao haujarekebishwa unarukia kwenye hasi, unasoma Desemba 1901. Tena sio mbali, mtu anayechukua mkopo wa nyumba wa miaka 20 leo, tarehe yake ya mwisho imeshapita hapo.

Naomba gazeti liwaulize watu wa benki, mifuko ya pensheni na ofisi za ardhi kama mifumo yao imeshahamia biti 64, wajibu hadharani. Na ule ukurasa wa watoto jamani, wekeni namba moja kila wiki na historia yake. Anzeni na 4294967297, Fermat, mwanahisabati Mfaransa, aliamini ni tasa, Euler akaja kuigawa kwa 641 ikatoka 6700417 bila baki, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuigawa mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Msomaji wenu,
Morogoro