Barua kwa mwanangu: usijiuze kwa kangomba

Newala, mwezi wa saba

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. Baridi ya huku juu imekaza, wapuliza salfa ya mikorosho wanatoka alfajiri wamejifunga mashuka, lakini tu wazima sote. Ujumbe wako wa usiku ule niliusoma mara mbili. Umeandika mengi: kitenge cha mteja, mikono miwili uliyoikata ya upande mmoja, maneno aliyokutolea mbele ya mafundi cherehani wenzako huko Mtwara. Kilichonishikisha kalamu ni sentensi moja tu, "Mama, mimi sifai kitu chochote." Hayo mengine yanarekebishika kwa mita moja ya kitambaa. Hiyo sentensi inataka kazi.

Kangomba unaijua, mama, umekulia humu. Mnunuzi anakuja kabla ya mnada, anakukuta una shida, anatoa kipimo chake mwenyewe, anaondoka na korosho zako kwa bei ya kutupa. Wazo la usiku ni kangomba tupu. Linakuja umechoka, lina kipimo chake, na linataka muuzane hapo hapo kabla hakujapambazuka. Sikuombi ulifukuze. Nakuomba ulipeleke kwenye mizani ya ghala, ipimwe haki.

Daktari mmoja wa akili wa Marekani, Aaron Beck, alilieleza jambo hili vizuri miaka ya 1960. Aliona kwamba wagonjwa wake wenye sonona walikuwa na mawazo mafupi yanayopita upesi sana, hata wenyewe hawayatambui. Walichokitambua ni matokeo yake: moyo umeshuka, hamu imekata, mwili mzito. Sisi husema "mteja kaniharibia siku", kana kwamba tukio limeshuka moja kwa moja moyoni. Hapo katikati kuna sentensi imepita. Hiyo ndiyo ya kukamata.

Namna ya kuikamata ni kwa kalamu. Kwa kichwa peke yake utazunguka nayo mpaka asubuhi. Usiku andika ile sentensi tu, neno kwa neno kama ilivyokuja, kisha funga daftari. Saa tano usiku hakuna mnada. Kesho yake baada ya chai, kabla hujafungua cherehani, kaa nayo dakika kumi.

Anza na kilichotokea, na uandike kile tu ambacho simu ingekirekodi. "Jumanne nimekata mikono miwili ya kulia, mteja amefoka." Usiandike "nimeaibika mbele ya watu", maana hiyo tayari ni hukumu. Chini yake weka sentensi yenyewe, halafu hisia na ukubwa wake kutoka 0 hadi 100: tuseme aibu 90, huzuni 70. Namba inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini bila hiyo hutajua kama kazi imesaidia.

Sasa ushahidi. Kwanza mpe mpinzani wako, yaani lile wazo, haki yake: kitambaa kimeharibika kweli, na ni kwa mkono wako. Usikipunguze. Kisha upande wa pili, na hapa usikadirie, fungua daftari la oda uhesabu. Mwezi huu umeshona magauni mangapi? Mangapi yamechukuliwa bila kurudishwa? Wateja wangapi wamekuja mara ya pili? Andika tarakimu. Kichwa kilichoumia hukumbuka kitenge kimoja na kusahau nguo zote zilizotoka mlangoni salama. Akili ya binadamu imeumbwa kukishika kibaya haraka kuliko kizuri, maana asiyemkumbuka nyoka hakai sana.

Mwisho andika sentensi ya haki. Kwa mfano: "Nimekosea mikono kwa sababu maua ya kile kitenge yana juu na chini, nikakata mkono mmoja mmoja nikasahau kugeuza pateni. Nitanunua mita moja nishone upya. Kazi nyingine za mwezi huu zimetoka." Ona ilivyo na sababu ndani yake, na cha kufanya. "Sifai" haina sababu wala cha kufanya. Pima tena aibu. Ikishuka kutoka 90 hadi 50, umefanya kazi kubwa. Ukiniandikia 0 nitajua unanidanganya.

Wengi huharibu hapa. Wanaitoa "sifai kitu" na kuweka "mimi ni fundi bora Mtwara nzima". Moyo hauinunui bidhaa hiyo. Jioni utarudi kule kule, tena na lawama ya ziada kwamba hata kujifariji umeshindwa. Sentensi ya haki ni ile unayoweza kuisema mbele ya mteja yule yule bila kuinamisha macho. Kosa jingine ni kujikataza kuwaza. Jiambie usiwaze kitenge, uone kitakavyokujia hadi kwenye sufuria ya wali. Na wapo wanaoligeuza daftari kuwa mahakama, kurasa ishirini za makosa yao kwa wiki. Wazo moja kwa siku linatosha, na dakika kumi zikiisha funga hata kama hujamaliza.

Kuna maneno yakitokea ujue kipimo kimechezewa: siku zote, kamwe, kabisa, kila mtu. Uliniandikia "kila mtu sokoni ameshajua". Wahesabu kwa majina. Nadhani utaishia vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yao wameshaharibu mikono kama wewe. "Ananidharau" ni kusoma moyo wa mtu ambaye hajakufungulia. "Hatarudi tena" ni ramli, na sisi ramli tumeiachia wenyewe.

Nije kwenye kujihurumia, ambako ndiko unakobisha. Unaogopa ukijionea huruma utakuwa mzembe. Basi mfikirie yule binti unayemfundisha kushona. Akikosea ukimfokea, mshono wake unaofuata unakuwaje? Mkono unatetemeka, anapinda, anaanza kukuficha makosa. Wewe pia una mkono huo huo. Mtafiti Kristin Neff, mwaka 2003, aliigawa huruma hii mafungu matatu: kusema na nafsi yako kwa upole, kukumbuka kwamba kukosea ni kwa binadamu wote wala si laana yako peke yako, na kuyaona maumivu kama yalivyo bila kuyazika wala kuyakuza. Hakuna hata fungu moja linalosema kosa liachwe. Nguo ya mteja utaishona upya, na gharama ni yako.

Kwa vitendo iko hivi. Kosa likitokea, weka mkasi chini kwanza. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara kumi. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua mwendo. Kisha jiite jina lako, useme maneno ambayo ungemwambia binti huyo: "Pole. Hili limeuma. Tuangalie linarekebishwa vipi." Mara ya kwanza utajiona kama unaigiza. Endelea tu, kila lugha mpya huanza hivyo. Ila fanya mahali usiposikika, mafundi wa hapo nawajua kwa utani.

Na furaha usiisubiri ije ndipo utoke. Moyo ukishuka hamu hukata, ukikosa hamu unajifungia, ukijifungia moyo unashuka zaidi. Mduara huo hukatwa kwa miguu. Kila wiki panga mambo mawili madogo yenye siku na saa, mfano Jumapili saa kumi kutembea Shangani ufukweni, au kuvuka na kivuko kwenda Msanga Mkuu na rafiki mmoja. Kabla hujatoka andika unatarajia kufurahi kiasi gani kati ya 10, ukirudi andika ilivyokuwa. Mara nyingi utakuta ulijipunja. Na usiku, badala ya kuhesabu makosa, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na kwa nini yalikwenda vizuri. Hiyo "kwa nini" usiiruke. "Mama Asha kasifia kola" ni habari. "Kwa sababu niliipiga pasi kabla ya kushona" ndiyo inayokuonyesha mkono wako umo.

Usitegemee mabadiliko kwa siku tatu. Jipe wiki kadhaa kabla hujaanza kuishika sentensi inapopita, bila daftari.

Jambo moja si la daftari. Moyo ukishuka karibu siku nzima, kila siku, wiki mbili mfululizo, usingizi na chakula vikakataa, nenda hospitali ya Ligula, waeleze mapokezi kwamba unataka kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Sonona ni ugonjwa, na una tiba. Na likija wazo la kufa, usisubiri wiki mbili wala asubuhi. Nipigie saa hiyo hiyo, mwamshe jirani akusindikize hospitali, usibaki peke yako chumbani.

Mfuko wa mbaazi mbichi utafika na basi la kesho. Humo chini nimetia daftari dogo. Ukurasa wa kwanza nimeshauchorea mistari, na pale juu nimekuandikia ile sentensi yako. Zilizobaki uzijaze wewe, kesho kutwa baada ya chai.

Mama yako